Aliyelewa akaendesha akaua: kwa nini anatoka mahakamani kwa faini?

#1 Msumi Juu
Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu aligongwa Aprili mwaka jana, Barabara ya Morogoro, kati ya Kibamba na Kiluvya, saa sita kasorobo usiku. Alikuwa amepanda bodaboda akitoka kazini. Gari dogo lilitokea nyuma likawabeba wote wawili. Mwenye pikipiki alivunjika nyonga, yupo. Mdogo wangu hakufika hospitali.

Nilifika pale kabla gari halijavutwa. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, na chini ya kiti kulikuwa na chupa mbili za bia, moja bado ina povu. Dereva mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa lami, watu wamemzunguka, anaulizia simu yake. Harufu ilinifikia nikiwa hatua tatu. Hakuna mtu pale ambaye hakujua kwamba yule bwana amelewa.

Mahakamani neno pombe halikutajwa hata mara moja. Shitaka lilikuwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa uzembe. Akakiri, akapigwa faini, ndugu zake wakailipa siku hiyohiyo. Tulishuka ngazi za mahakama pamoja, yeye mbele, sisi nyuma.

Sheria ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Nasema ibadilishwe: kiwango cha pombe kishuke, na anayeendesha akiwa amelewa akaua awe na kosa lake peke yake, lenye kifungo, bila mlango wa faini. Leseni asiione tena. Nipingeni, ila msiniambie kazi ya Mungu haina makosa. Nimeisikia sana msibani, na ile haikuwa kazi ya Mungu.

#2 Kobe Mpole
Pole sana mkuu. Mimi naenda mbele zaidi yako. Gari mikononi mwa mlevi ni sawa na panga. Akiua ashitakiwe kwa mauaji, tusizungukezunguke.

#3 Wakili wa Kijiweni
Pole Msumi. Kobe, hasira yako naielewa, ila shitaka la mauaji halitasimama. Kanuni ya Adhabu, Sura 16, kifungu cha 196 kinataka nia ovu, na nia hiyo imefafanuliwa kifungu cha 200. Mlevi anayewahi nyumbani utamthibitishia vipi nia ya kuua?

Kinachoweza kusimama ni kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha, kifungu cha 198. Wengi hawajui kwamba mlango huo uko wazi hata leo. Lakini angalieni njia yake. Kuua bila kukusudia ni kesi ya Mahakama Kuu: inaanzia chini kwa hatua za awali, upelelezi ukamilike, ipangiwe kikao. Kosa la barabarani linaishia mahakama ya wilaya, na mtu akikiri linaisha asubuhi moja. Mwendesha mashtaka mwenye majalada yamejaa mezani atachukua lipi?

Halafu kuna hili. Kifungu cha 14 kinasema ulevi wa kujitakia si utetezi, lakini mahakama inatakiwa kuuangalia inapopima kama mtu alikuwa na nia. Kwa hiyo Kobe, ukimfungulia kesi ya mauaji, pombe ileile iliyoua ndiyo itakayomtoa.

#4 Nyangumi77
Wakili umeandika waraka mzima. Anafungwa au hafungwi?

#5 Wakili wa Kijiweni
Anaweza kufungwa. Kinachomliza Msumi ni hilo neno "anaweza".

#6 Suka Mstaafu
Nimeendesha mabasi miaka 27, Dar–Mbeya na baadaye Dar–Mwanza. Niwaambie ukweli vijana wangu, shida haiko kwenye kitabu cha sheria. Kipima ulevi nimekipuliza mara nne maisha yangu yote, na zote nne ni alfajiri, stendi, siku za kuelekea Krismasi, waandishi wa habari wamesimama pembeni na kamera. Usiku pale Mikumi, au chini ya mlima Kitonga, hakuna aliyewahi kuniambia puliza. Askari anakumulika tochi usoni, anakusalimia, anausikiliza ulimi wako. Ukijibu sawasawa unapita. Nilikuwa na wenzangu wakitafuna karafuu na iliki kwa kazi hiyo tu.

Mkiandika kiwango cha pombe 0.05, mkiandika sifuri, tochi haipimi damu.

Na usingizi msiusahau. Kuna dereva anayeonekana amelewa kumbe hajalala tangu juzi, tajiri anataka gari ligeuze usiku uleule. Huyo akiua mtasema pombe, na tajiri atabaki na gari lingine barabarani.

#7 Mwalimu wa Hesabu
Tuweke namba mezani ili tubishane tukijua tunabishania nini.

Kiwango chetu ni gramu 0.08 za pombe kwa kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linashauri 0.05, na 0.02 kwa vijana na madereva wapya. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe tupu. Mwanaume wa kilo 70 inampandisha karibu 0.04. Mwanamke wa kilo 60 inampandisha karibu 0.06, kwa kuwa mwili wake una maji machache ya kuizimua. Ini linaondoa kama 0.015 kwa saa. Supu haiharakishi, kahawa haiharakishi, wala kuoga maji ya baridi.

Chukua mtu wa kilo 70 aliyeanza saa 1 jioni, na saa 6 usiku amemaliza bia sita. Anatoka baa na kama 0.17, mara mbili ya kiwango. Akilala, saa 12 asubuhi anapowasha gari kupeleka watoto shule bado yuko karibu 0.08. Anajiona mzima, kichwa tu ndicho kinamgonga.

#8 Kijana wa Tegeta
Mwalimu hizo ni hesabu za ubaoni. Mimi nikiwa na nne kichwani naendesha kwa adabu kuliko wengi wakiwa wakavu. Miaka kumi sijakwaruza hata bampa. Mnataka kumfunga mtu kwa bia mbili za nyama choma?

#9 Nesi wa Zamu
Kijana wa Tegeta, niko chumba cha dharura mwaka wa tisa huu. Maneno hayo ninayasikia Jumamosi usiku, kutoka kwa mtu ninayemshona paji la uso. Anayesema yuko vizuri ni yeye, na kinachopima ni kichwa chake kilekile chenye bia nne.

Msumi, pole sana kaka. Naomba nikuulize kitu kimoja tu: damu ya yule dereva ilichukuliwa saa ngapi?

#10 Msumi Juu
Dada nesi, asante kwa kuuliza. Usiku ule alipelekwa kituoni. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba alipelekwa hospitali kesho yake, kama saa 4 asubuhi. Majibu sikuyaona mpaka leo.

#11 Mwalimu wa Hesabu
Kutoka saa 6 usiku mpaka saa 4 asubuhi ni saa kumi. Ini limeondoa 0.15. Yule mtu wangu wa bandiko la 7, aliyetoka baa na 0.17, saa 4 asubuhi ana kama 0.02. Karatasi itasema amekunywa pungufu ya bia moja. Hata ukishusha kiwango kwenda 0.05, huyo anapita.

Samahani Msumi, najua si kitu ulichotaka kusoma.

#12 Msumi Juu
Mwalimu, nimeisoma mara tatu. Hakuna aliyewahi kunieleza hivyo, hata polisi.

#13 Nesi wa Zamu
Ndiyo maana niliuliza. Niwaeleze upande wetu ulivyo, maana watu hudhani hospitali inaficha.

Mtu wa ajali akiingia, damu ninayotoa ni ya matibabu: kundi, wingi wa damu, basi. Damu ya kupima pombe ni jambo jingine. Askari lazima aiombe kwa maandishi. Inawekwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, yenye dawa ya kuzuia isichache ikaongeza pombe yenyewe kwa yenyewe. Mkono hausafishwi kwa spiriti, maana spiriti ni pombe, na wakili wa dereva akijua hilo amekushinda hapohapo. Inafungwa, inaandikwa saa na dakika, inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

Sasa usiku wa ajali askari wako wawili. Mmoja anavuta magari, mmoja yuko mochwari na ndugu. Nani anakuja na barua kwangu? Nimewahi kushika mkono wa dereva ananuka mpaka macho yananiwasha, chupa ya kijivu iko kabatini, na sina barua. Asubuhi nikakabidhi zamu.

Kama sheria inabadilishwa, ibadilishwe hapo. Dereva yeyote kwenye ajali iliyoua apimwe ndani ya saa mbili, na nesi awe na ruhusa ya kutoa damu bila kusubiri karatasi.

#14 Wakili wa Kijiweni
Dada nesi nakuvulia kofia. Uingereza wamelifunga tundu hilo. Kule, anayesababisha kifo kisha akakataa kutoa sampuli bila sababu ya msingi ndani ya saa 18 anabebeshwa kosa lilelile la aliyepimwa akakutwa amelewa. Kukataa hakumsaidii. Na adhabu yake ya juu ilikuwa miaka 14, tangu Juni 2022 ni kifungo cha maisha.

Angalizo: England wanatumia 0.08 kama sisi. Kwa hiyo namba peke yake haielezi tofauti yetu na wao.

#15 Kobe Mpole
Nawapigia saluti Wajapani. Kule pombe kwenye usukani ni sifuri, ukikutwa na tone umekwisha.

#16 Mbongo wa Nagoya
Kobe nikusahihishe, niko huku mwaka wa kumi na moja, nauza magari yanayokuja huko kwenu. Si sifuri. Kipimo ni miligramu 0.15 kwa lita moja ya pumzi, kwenye damu ni karibu 0.03. Kwa watu wengi bia moja inakufikisha.

Lakini walivyofika hapo ndiko penye somo, na kunamhusu Msumi. Novemba 1999 lori liliwagonga kwa nyuma wazazi na watoto wao kwenye barabara kuu ya Tomei, Tokyo. Dereva alikuwa amelewa. Watoto wawili wa kike, mmoja miaka mitatu, mmoja mwaka mmoja, waliungua ndani ya gari wazazi wao wakiona. Dereva akapata miaka minne. Wale wazazi walikwenda kukusanya saini, wakasimama mbele ya watu na kueleza walichokiona. Mwaka 2001 kosa jipya likaingia kwenye sheria ya jinai, mpaka miaka 15, na 2004 ikapanda mpaka 20.

Halafu Agosti 2006, Fukuoka, mlevi akaligonga gari la familia likatumbukia baharini kutoka darajani, watoto watatu wakafa. Yule dereva alikimbia akanywa maji mengi ili apunguze kipimo. Hapo ndipo 2007 wakabana wengine: aliyekupa gari akijua umelewa, aliyekupa pombe akijua utaendesha, na abiria aliyekubali kupanda. Wote wana kesi. Na tangu 2014 anayekimbia au anayekunywa tena baada ya ajali ili kuvuruga kipimo ana kosa lake peke yake, mpaka miaka 12.

Maisha yamebadilika kwa namna hii: ukimaliza kunywa, baa inapiga simu, wanakuja madereva wawili kwenye gari moja. Mmoja anaendesha gari lako mpaka mlangoni kwako na wewe ndani, mwenzake anafuata nyuma amchukue. Wanaiita daiko. Huku ni kazi ya kawaida kabisa.

#17 Mama Kaunta
Jamani huyo wa Nagoya kanishtua. Mimi nina baa, sisemi wapi. Mnataka nifungwe kwa sababu nimeuza bia? Nina leseni, nalipa kodi, nalipa dada wanne wa kuhudumia. Mteja akiniambia anaenda nyumbani kwa bodaboda, nitamfuata mpaka maegesho?

#18 Suka Mstaafu
Mama Kaunta usikasirike, ila maegesho yenyewe umeyajenga wewe. Baa zote kutoka Kimara mpaka Kibaha zina uwanja wa magari mkubwa kuliko jiko. Na mlinzi wa getini ndiye anayemwongoza mlevi kurudi kinyumenyume: njoo, njoo, kata kulia. Nimewaona kwa macho yangu.

#19 Mama Kaunta
Hapo mzee wangu umenishika. Mlinzi wangu anafanya hivyo.

#20 Jirani wa Nakuru
Poleni sana ndugu zetu, hasa mwenye uzi. Sisi huku Kenya tulipitia hii safari mapema kidogo. Desemba 2013 Alcoblow, kipima ulevi cha kupuliza, iliingia barabarani, kipimo miligramu 0.35 kwa lita ya pumzi. Miezi ile ya kwanza watu waliogopa kweli. Baba yangu, ambaye tulishindwa kumwambia, alianza kuacha gari nyumbani Ijumaa. Baadaye makundi ya simu yakaanza kupashana habari: leo wako mahali fulani, pitia njia ya nyuma.

#21 Nyangumi77
Si mahakama yenu iliipiga marufuku?

#22 Jirani wa Nakuru
La, hiyo husemwa vibaya. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni za kipimo zinagongana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kifungu cha 44 kinasema kosa ni kulewa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni zikasema kosa ni kuzidi namba. Kanuni haiwezi kuishinda sheria mama. Kifaa chenyewe hakikuwa na dhambi, walioandika ndio walikimbilia kununua mashine kabla ya kurekebisha sheria. Kwa hivyo nyinyi mkianza, anzeni Bungeni. Na anayeua, kifungu chetu cha 46 kinaruhusu mpaka miaka kumi, lakini "mpaka" ni sawa na lile "anaweza" la wakili wenu.

#23 Nyangumi77
Sawa, mimi nishuke kwenye ukweli unaoogopwa. Mnaposhusha kiwango kutoka 0.08 kwenda 0.05 mmempandishia mtu bei barabarani. Leo aliyekutwa na 0.10 anaongea na askari, kesho hata mwenye 0.06 ataongea naye. Kifungo kikiwa kikali ndivyo bahasha inavyonenepa. Mimi niliwahi kukaa kiti cha nyuma, rafiki yangu akiwa hajiwezi, tukasimamishwa, akashuka dakika mbili, tukaendelea na safari. Wakati ule niliona tumepona.

#24 Kijana wa Tegeta
Hapo Nyangumi umesema.

#25 Mwalimu wa Hesabu
Nyangumi anaweza kuwa na nusu ya jibu. Scotland walishusha kutoka 0.08 kwenda 0.05 Desemba 2014. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2018 haukuona ajali zikipungua. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba namba ilishuka na upimaji barabarani haukuongezeka.

Ila kabla Tegeta hajashangilia: jimbo la Utah, Marekani, lilishusha vivyo hivyo mwisho wa Desemba 2018, na mwaka 2019 kiwango cha ajali za vifo kikashuka kwa asilimia 19.8, kwa hesabu ya mamlaka yao ya usalama barabarani. Namba ileile, matokeo mawili. Mimi siwezi kukuambia bongo itafuata ipi.

#26 Boda wa Kimara
Mimi ni bodaboda na mwenye pikipiki wa Msumi angeweza kuwa mimi. Tukisema ukweli wote, na sisi wamo wanaokunywa. Kijiweni kwetu kuna wawili asubuhi hawashiki funguo mpaka wazimue. Tunawajua, abiria hawajui. Faini ya papo kwa papo kwetu ilishushwa mpaka elfu kumi, na ni sawa maana kipato ni kidogo, lakini mlevi wa pikipiki asitozwe elfu kumi kama aliyesahau kofia.

Jamaa wa kwetu akigongwa na gari, mtu wa kwanza kulaumiwa ni yeye mpaka ithibitike vingine.

#27 Kobe Mpole
Kuzuia inawezekana bana. Machi 2017 viroba, zile pombe kali za vipakiti, vilipigwa marufuku, watu walisema haiwezekani, mbona viliondoka madukani? Kila kituo cha daladala kulikuwa na vipakiti vimetapakaa chini, leo huvioni.

#28 Boda wa Kimara
Viroba viliondoka, vikaja vichupa. Wale wawili niliowasema wanabeba kwenye mfuko wa koti. Bei ilipanda ndiyo, na vijana wadogo wa shule angalau waliacha kunusa nusa. Hilo nalikubali.

#29 Mama Watatu
Huwa nasoma tu, leo naandika.

Mume wangu aligongwa 2016, dereva alikuwa ametoka harusini. Siku ya tatu ya msiba familia yao ilikuja, wazee wanne, wamebeba mchele, mafuta na bahasha. Walikuwa wameshalipa jeneza na gari la kusafirisha mwili mpaka Singida. Walipiga magoti. Mjomba wangu alinivuta pembeni akaniambia nikiendelea na polisi watu hawa hawatarudi, na ada za watoto nani atalipa. Nilikuwa na watoto watatu na kodi ya miezi miwili nadaiwa. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi ingawa kuandika najua, kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.

Walilipa ada muhula mmoja.

Mnabishania miaka 10, miaka 20, maisha. Sipingi, afungwe. Ila nioneshwe kwenye hiyo sheria mpya ni mstari gani unaosema watoto watakula nini. Ukiniachia nichague kati ya kesi na unga, nitachagua unga tena.

#30 Nesi wa Zamu
Mama, pole. Asante kwa kuandika.

#31 Wakili wa Kijiweni
Mama Watatu, shikamoo. Ile karatasi haikuwa na nguvu ya kufuta kesi ya jinai. Kesi ile ni ya Jamhuri, familia haiwezi kuisamehe kwa niaba ya Jamhuri. Kinachotokea ni kwamba mashahidi hawaendi mahakamani, jalada linalala, na kila mtu anadhani lilisamehewa. Pia kila gari linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, na wewe ndiye huyo mtu wa tatu. Fidia ilikuwa haki yako na ingedaiwa pembeni kabisa ya kesi na pembeni ya bahasha. Naumia kwamba hakuna aliyekuambia mwaka ule.

#32 Mama Watatu
Marahaba mwanangu. Hata neno hilo la mtu wa tatu nilikuwa naliona tu kwenye stika za magari.

#33 Msumi Juu
Wote nawasoma. Nilikuja hapa nikiwa na jambo moja, kifungo. Bado nakitaka. Lakini sasa naona yule bwana aliponea mahali pawili kabla ya kufika kwa hakimu: kituoni usiku ule, na kwenye kuchagua shitaka. Hakimu alihukumu alicholetewa, na pombe hakuletewa.

TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na wenzao wamekuwa wakisukuma marekebisho ya sheria hii kwa miaka, pombe ikiwa mojawapo ya mambo matano, pamoja na mwendo, kofia, mikanda na viti vya watoto. Naandika barua niwapelekee, na nakala kwa mbunge wetu. Dada nesi, naomba nitumie maneno yako ya bandiko la 13, ile ya chupa ya kijivu na saa mbili. Wa Nagoya, ile ya anayekimbia kipimo pia.

#34 Nesi wa Zamu
Yatumie yote. Jina langu usiweke, nina zamu Jumatatu.

#35 Suka Mstaafu
Kwenye barua yako ongeza tajiri. Dereva akiua, leseni inaangaliwa ya dereva. Ratiba aliyompa mwenye gari hakuna anayeiangalia.

#36 Kobe Mpole
Mimi bado niko palepale, muuaji ni muuaji.

#37 Kijana wa Tegeta
Nimepiga hesabu za Mwalimu kwa uzito wangu. Kilo 64. Zile bia nne zangu, nikizinywa kwa saa tatu, ni kama 0.14. Kila Jumapili nampitisha binti yangu kwa bibi yake nikitoka huko. Sijui niseme nini.

#38 Mwalimu wa Hesabu
Usiseme kitu. Jumapili hii mpeleke kabla.

#39 Mama Kaunta
Nilinyamaza tangu bandiko la 19, nikawaza. Jana Jumamosi nilimwambia mlinzi asimwongoze mtu yeyote aliyelewa kutoka getini, na nikaweka kibakuli cha funguo kaunta. Nikawaambia wateja wangu wa kila siku, kaka zangu, anayefika bia ya tatu funguo inakaa humu, bodaboda ninaita mimi.

Nimeshika funguo tatu. Mmoja alinitukana mbele za watu akasema hatakanyaga tena kwangu. Wawili wameacha magari, asubuhi hii mmoja amekuja kulichukua na akanywa supu. Wa nne aliondoka nikiwa jikoni.

#40 Boda wa Kimara
Mama, huyo wa nne alielekea wapi?

#41 Mama Kaunta
Kibaha. Nimempigia leo mara mbili. Simu inaita.